Fannie Lou Hamer: Mchuma pamba aliyedai jina lake daftarini

Wako mashujaa waliojulikana kwa upanga, na wako waliojulikana kwa kalamu. Leo, msomaji wangu mpenzi, nataka nikusimulie habari za mama mmoja ambaye ushujaa wake wote ulianzia kwenye jambo ambalo wengi wetu huliona dogo, nalo ni kutaka jina lake liandikwe katika daftari la wapiga kura. Hakuwa mwanachuoni, hakuwa tajiri, wala hakuwa binti wa mtu mkubwa. Alikuwa mchuma pamba. Jina lake ni Fannie Lou Hamer, mzaliwa wa jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, na aliiaga dunia tarehe 14 Machi, 1977.

Nimemchagua mama huyu kwa sababu moja. Kila uchaguzi unapokaribia hapa kwetu pwani, huwasikia vijana barazani, kahawa ikizungushwa, wakisema kwamba kura haina faida, na kwamba kupanga foleni kwa ajili ya kujiandikisha ni kujichosha bure. Mimi siwagombezi. Najua wana machungu yao. Lakini huwauliza swali moja: kama kweli kura haina faida, kwa nini wako watu waliokuwa tayari kuua ili jirani yao asiipate? Swali hilo ndilo linalonipeleka kwa Bibi Hamer.

MTOTO WA ISHIRINI

Alizaliwa tarehe 6 Oktoba, 1917, katika wilaya ya Montgomery, akiwa mtoto wa mwisho katika watoto 20. Baba yake, James Lee Townsend, na mama yake, Lou Ella, walikuwa wakulima wasio na ardhi. Walilima shamba la mtu mwingine kwa kugawana naye mavuno. Mwenye shamba alitoa ardhi na mbegu, na akawakopesha chakula kutoka katika duka lake. Wao walitoa jasho. Pamba ikisha kuuzwa, mwenye shamba ndiye aliyeshika daftari la hesabu, na aghalabu mkulima aliambiwa kwamba fungu lake lote limeishia kwenye deni, na bado anadaiwa. Sisi wa pwani, ambao tuna ndugu wengi waliozaliwa na kuzeekea juu ya ardhi ambayo hati yake ina jina la mtu mwingine, hatuhitaji kufasiriwa sana habari hii.

Fannie Lou alikuwa na umri wa miaka miwili wazazi wake walipohamia wilaya ya Sunflower, na alikuwa na miaka sita alipoingizwa shambani. Mwenye shamba alimwahidi vitu vitamu vya dukani iwapo angeweza kuchuma ratili 30 za pamba katika wiki. Mtoto akachuma, akapewa, na tangu siku hiyo akawa ametiwa kitanzi. Alikuwa na mguu mmoja mbovu kwa sababu ya maradhi ya polio, lakini alipofika umri wa miaka 13 aliweza kuchuma kati ya ratili 200 na 300 kwa siku moja. Shule ya watoto weusi ilifunguliwa miezi michache tu kila mwaka, wakati pamba ilipokuwa haiwahitaji. Alisoma kwa miaka sita, kisha akaacha ili awasaidie wazazi wake.

Kuna wakati baba yake alijinyima mpaka akapata fedha za kununua baghala watatu na vyombo vya kulimia. Familia ikaanza kuona mwanga. Usiku mmoja mtu akaingia zizini akatia sumu katika chakula cha wanyama wale, wakafa wote. Ukoo ule ukarudi pale pale ulipokuwa. Kosa lao lilikuwa kwamba walitaka kusimama kwa miguu yao wenyewe.

MIZANI YA SHAMBA

Katikati ya miaka ya 1940 aliolewa na Perry Hamer, dereva wa trekta, wakakaa kwenye shamba moja kubwa karibu na mji mdogo wa Ruleville. Mwenye shamba alipogundua kwamba mama huyu anajua kusoma na kuandika, alimpa kazi ya kuandika saa za wafanyakazi na uzito wa pamba waliyochuma.

Katika kazi ile Bibi Hamer aliyaona mambo yaliyofichwa. Jiwe la mizani lililotumiwa kupimia pamba lilikuwa limechezewa, ili mchumaji aonekane amechuma kidogo kuliko alivyochuma. Alichofanya ni kutafuta jiwe lake mwenyewe la haki, akawa analitumia kila bosi wake alipogeuka. Sisi tuliosoma chuoni, tukafundishwa tangu utotoni uzito wa dhambi ya kupunja mizani, tunaweza kukiona kitendo hicho kwa jicho lake. Mama yule hakuwa amesikia habari za siasa bado, lakini alikwisha kuelewa kwamba mnyonge hadhulumiwi kwa fimbo peke yake. Hudhulumiwa pia na yule anayeshika mizani na yule anayeshika daftari.

Mwaka 1961 alikwenda hospitali kutolewa uvimbe. Alipozinduka alikuta ametolewa kizazi, pasipo yeye kuulizwa wala kupewa habari. Mambo kama hayo yalifanyiwa wanawake wengi weusi wa kusini. Hakuwa na mahali pa kushtaki. Hakimu, polisi na daktari walitoka katika kabila moja la watu, na kila aliyewachagua wenye mamlaka alitoka katika kabila hilo hilo.

MLANGO WENYE KUFULI TATU

Hapa sina budi nieleze ni vipi watu weusi wa Mississippi, ambao katika wilaya nyingi za pamba walikuwa wengi kuliko Wazungu, waliweza kunyimwa kura katika nchi iliyojisifu kwa uhuru. Katiba ya Marekani iliwapa wanaume weusi haki hiyo tangu mwaka 1870, na wanawake wote tangu 1920. Lakini mwaka 1890 watawala wa Mississippi walitunga katiba yao ya jimbo, na humo wakatia kufuli.

Kufuli ya kwanza ilikuwa kodi ya kichwa. Ndiyo, kodi ile ile ambayo babu zetu waliijua chini ya Waingereza, ila kule Mississippi ilikuwa na kazi nyingine. Mtu alitakiwa alipe dola 2 kila mwaka, na alipokwenda kupiga kura aonyeshe stakabadhi za miaka miwili. Kwa mchuma pamba hizo hazikuwa fedha ndogo.

Kufuli ya pili ilikuwa mtihani. Aliyetaka kuandikishwa alipewa kifungu kimoja kati ya vifungu 285 vya katiba ya jimbo, akaambiwa akinakili, kisha akifasiri. Karani Mzungu ndiye aliyechagua kifungu, na ndiye aliyeamua kama jibu ni sahihi. Mimi nilisoma chuoni, na najua mtihani wa haki ulivyo. Mwalimu hukusikiliza juzuu aliyokufundisha yeye, mbele ya wenzako, na ukikosea hukurekebisha. Mtihani wa karani wa Mississippi ulikuwa kinyume cha hayo. Uliulizwa usichofundishwa, na mtu aliyekwisha kuamua kabla hujakaa kitini kwamba utashindwa.

Kufuli ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Sheria ya mwaka 1962 iliamuru kwamba majina ya wote walioomba kuandikishwa yachapishwe gazetini kwa muda wa wiki mbili. Walisema ni kwa ajili ya kumpa mwananchi nafasi ya kupinga mtu asiye na tabia njema. Lakini kila mtu alielewa maana yake. Tajiri alifungua gazeti asubuhi, akamwona mfanyakazi wake, na kabla ya adhuhuri mfanyakazi yule hakuwa na kazi, nyumba, wala mkopo wa dukani.

Hapa nataka tusimame kidogo. Kura ya siri, yaani karatasi iliyopigwa chapa na serikali ambayo mtu huitia alama peke yake penye pazia, ilianza Australia mwaka 1856, ikaingia Uingereza mwaka 1872, na Marekani kuanzia 1888. Mississippi nayo ilikuwa nayo. Kwa karatasi, basi, kura ya Mississippi ilikuwa siri. Lakini siri hiyo ilianzia ndani ya kibanda, na mtu mweusi alizuiliwa kabla hajakiona kibanda kwa macho. Siri ya kura haina maana ikiwa safari ya kuifikia ni ya wazi, na njiani amekaa mtu anayeandika majina ya wapitao.

Sisi Wakenya tuliokuwa na akili zetu mwaka 1988 tuliiona sura nyingine ya jambo hilo. Mwaka ule, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, watu walipangwa mistari nyuma ya wale waliowataka, mchana kweupe, na mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 akahesabiwa amepita bila kupigiwa kura ya siri. Tuliuita mlolongo. Chifu aliona nani kasimama wapi, tajiri aliona, mume aliona, na katika sehemu nyingi mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Desemba 1990 KANU yenyewe iliuacha utaratibu huo, na uchaguzi wa 1992 ukafanywa kwa kura ya siri. Leo Katiba yetu ya 2010 imeiweka siri hiyo kuwa msingi wa uchaguzi. Aliyesimama katika mlolongo anaweza kuelewa kwa nini watu wa Ruleville waliogopa gazeti.

BASI LA RANGI YA NJANO

Agosti 1962 vijana wa jumuiya ya wanafunzi iliyoitwa SNCC walifika Ruleville, wakaitisha mkutano katika kanisa moja dogo. Bibi Hamer, ambaye alikuwa na umri wa miaka 44, alikwenda kusikiliza. Huko ndiko alikosikia kwa mara ya kwanza kwamba mtu mweusi naye ana haki ya kuandikishwa. Walipoulizwa ni nani watakaokwenda mjini kujaribu, alinyosha mkono.

Tarehe 31 Agosti, watu 18 walipanda basi kuukuu lililozoea kubeba wachuma pamba, wakasafiri maili 26 mpaka Indianola, makao makuu ya wilaya. Mji huo ndio ulioanzisha, mwaka 1954, baraza la Wazungu lililoundwa ili kuwanyima riziki watu weusi waliodai haki. Karani alimpa Bibi Hamer kifungu cha 16 cha katiba, kilichozungumzia sheria zinazohusu mambo yaliyokwisha kupita. Aliweza kukinakili, lakini kukifasiri hakuweza. Akashindwa, na wenzake pia.

Wakati wa kurudi polisi walilisimamisha basi, wakamkamata dereva. Kosa alilotozwa faini lilikuwa kwamba basi lake lina rangi ya njano iliyozidi, likaonekana kama basi la shule. Faini ilikuwa dola 100, baadaye ikapunguzwa kuwa 30, na abiria wale maskini wakachangishana mpaka ikatimia. Katika hofu ile, watu wakiwa wamejikunyata vitini, sauti moja ilianza kuimba nyimbo za kanisani. Ilikuwa sauti ya Bibi Hamer. Kama mtunzi wa mashairi, naijua nguvu ya sauti moja katika kundi lililoshikwa na woga. Viongozi wa SNCC nao waliitambua, na tangu siku hiyo wakamtafuta.

Alipofika nyumbani habari zilikuwa zimekwisha kumtangulia. Mwenye shamba alimtaka afute maombi yake ya kuandikishwa, au ahame. Alikuwa amemfanyia kazi kwa miaka 18. Alichagua kuhama, usiku ule ule. Mumewe alilazimishwa abaki mpaka mavuno yamalizike. Siku kumi baadaye, tarehe 10 Septemba, watu wasiojulikana walifyatua risasi 16 katika nyumba ya rafiki aliyempa hifadhi. Kwa bahati njema usiku huo hakuwamo.

Wengine wangekoma hapo, wala nisingewalaumu. Yeye alirudi Indianola mwezi Desemba, akamwambia karani kwamba atakuwa akija kila siku 30 mpaka apite. Alijifunza ile katiba kama mwanafunzi ajifunzavyo somo lake, na tarehe 10 Januari, 1963, aliambiwa amefaulu. Jina lake likaingia daftarini. Alipokwenda kupiga kura aliulizwa stakabadhi za kodi ya kichwa za miaka miwili. Hakuwa nazo, akarudishwa.

JELA YA WINONA

Juni 1963 alikuwa akirudi kutoka Charleston, South Carolina, alikokwenda pamoja na wenzake kusomea namna ya kuwafundisha watu uraia na mtihani wa kura. Tarehe 9 basi lao lilisimama katika mji wa Winona. Baadhi yao waliingia katika mkahawa wa stesheni ambao Wazungu waliufanya wao peke yao, ingawa sheria ya nchi ilikuwa imekwisha kukataza ubaguzi huo. Polisi wakawakamata, na Bibi Hamer akakamatwa pamoja nao.

Kilichotendeka jelani nitakieleza kwa ufupi, kwani si habari ya kupambwa kwa maneno. Wafungwa wawili weusi waliamriwa na polisi wampige kwa kirungu cha ngozi, mmoja baada ya mwenziwe, huku amelazwa kifudifudi. Alitoka na figo lililodhurika, jicho lililoharibika, na mguu wake mbovu ukiwa umezidi ubovu. Aliyabeba madhara hayo mpaka kaburini. Aliachiliwa tarehe 12 Juni, na usiku wa kuamkia siku hiyo Medgar Evers, kiongozi mkubwa wa haki za watu weusi wa Mississippi, alikuwa amepigwa risasi mbele ya nyumba yake mjini Jackson, akafa. Polisi wa Winona walishtakiwa, na baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, likawaachilia.

KURA YA WALIONYIMWA KURA

Watawala wa Mississippi walikuwa na hoja moja waliyopenda kuirudia, kwamba watu weusi hawajiandikishi kwa sababu hawana hamu. Mwezi Novemba 1963, Bibi Hamer na wenzake waliijibu hoja hiyo. Wakafanya uchaguzi wao wenyewe, wakiweka masanduku makanisani na madukani. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Robert Moses, kijana mpole mwenye elimu ya hesabu, ambaye baadaye alihamia Tanzania akasomesha hesabu huko mpaka mwaka 1976. Watu yapata 80,000 walipiga kura ambayo haikuhesabiwa na serikali yoyote. Baada ya hapo haikuwezekana tena kusema kwamba hawana hamu.

Januari 1964 katiba ya Marekani iliiondoa kodi ya kichwa katika uchaguzi wa viongozi wa taifa. Mwezi Juni Bibi Hamer akasimama kugombea ubunge, na kura ya kwanza aliyoipiga maishani mwake aliipiga kwa jina lake mwenyewe. Alishindwa, kama alivyotarajia. Mwezi huo huo vijana watatu waliokuwa katika kazi ya kuandikisha watu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa usiku wa tarehe 21 katika wilaya ya Neshoba.

Chama cha Democratic cha Mississippi kilikuwa cha Wazungu watupu. Kwa hiyo watu weusi walianzisha chama chao, wakakipa jina la Chama cha Uhuru, na wakapeleka wajumbe 68 kwenye mkutano mkuu wa taifa mjini Atlantic City, Agosti 1964, kudai viti. Tarehe 22 Bibi Hamer alikaa mbele ya kamati, runinga zikimwonyesha nchi nzima, akasimulia habari za basi, za kufukuzwa shambani na za Winona. Hakuwa na karatasi mkononi. Rais Lyndon Johnson, akiogopa kupoteza Wazungu wa kusini, aliwaita waandishi wa habari kwa haraka ili kamera zigeuzwe. Ziligeuzwa kweli, lakini usiku vituo vya runinga vilionyesha maneno ya mama yule kwa ukamilifu, na watu wengi zaidi wakamsikia.

Wakubwa wa chama waliwapa viti viwili tu, tena wakawachagulia watakaovikalia. Wajumbe walivikataa, na Bibi Hamer alikuwa mbele katika kukataa. Wako waliomlaumu wakisema asiyekubali kichache na kingi hapati. Mimi nauona msimamo wake kuwa na hoja nzito. Kama wangekubali mkubwa awachagulie wajumbe wao, wangekuwa wamekubali jambo lile lile walilosafiri kwenda kulipinga.

GUINEA, NA WIMBO WA MKENYA

Mwezi wa Septemba mwaka ule alipata safari ya kwenda Afrika pamoja na wenzake wa SNCC, nchini Guinea, ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu. Rais Sékou Touré aliwapokea mwenyewe. Kwa mama aliyeishi umri wake wote pasipo kumwona mtu mweusi akiwa na madaraka, kuwaona Waafrika wakiendesha ndege, benki na serikali kulimtoa machozi. Alirudi akiwa ameondolewa haya aliyofundishwa utotoni kuhusu bara la wazee wake.

Tarehe 20 Desemba, 1964, alihutubia mkutano mtaani Harlem, New York, pamoja na Malcolm X, ambaye mwaka ule alikuwa amehiji Makka na kuzuru Afrika Mashariki. Waimbaji wa SNCC waliimba wimbo juu ya Oginga Odinga wa Kenya, aliyewatembelea vijana hao mjini Atlanta mwaka uliotangulia, na Malcolm alianza hotuba yake kwa kumsifu Odinga. Mkristo mchuma pamba na Mwislamu wa mjini walikaa jukwaa moja, na jina la Mkenya likiimbwa baina yao. Nawataja ili tusidhani habari hizi ni za mbali.

MATUNDA NA MICHONGOMA

Tarehe 6 Agosti, 1965, Rais Johnson, yule yule aliyegeuza kamera, alitia sahihi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Mitihani ya makarani ikasimamishwa, na wasimamizi wa serikali kuu wakapewa uwezo wa kuandikisha watu wenyewe. Kabla ya sheria hiyo watu weusi walioandikishwa Mississippi walikuwa asilimia 6.7 tu ya waliostahili. Mwaka 1967 walikuwa asilimia 59.8. Miaka miwili ilitosha kuonyesha kwamba uvivu haukuwa wao.

Lakini Bibi Hamer alijua kwamba haki inaweza kutolewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine. Mwaka 1965, katika wilaya yake ya Sunflower, uchaguzi wa miji ulifanywa kabla watu weusi hawajapata muda wa kujiandikisha. Alikwenda mahakamani. Mwaka 1966 mahakama ya rufani ilikubaliana naye, na chaguzi za miji miwili, Sunflower na Moorhead, zikarudiwa mwaka 1967. Hukumu hiyo ni ya kukumbukwa, kwani ilithibitisha kwamba anayefunga daftari mapema hana tofauti na anayeiba sanduku. Hata hivyo wagombea weusi walishindwa. Mtu anayelala katika nyumba ya tajiri na kula kwa mkopo wa duka lake hawi huru kwa siku moja, hata akiwa penye pazia peke yake.

Nadhani hiyo ndiyo sababu iliyomfanya, mwaka 1969, aanzishe shamba la ushirika, kwa ekari 40 mwanzo na mamia ya ekari baadaye, ili aliyefukuzwa kwa ajili ya kura apate mahali pa kulima na nyumba ya kukaa. Alianzisha pia benki ya mifugo: familia ilipewa jike, na likizaa ilirudisha watoto kadhaa ili wapewe wengine. Mifugo wenyewe walikuwa nguruwe, ambao kwetu ni haramu lakini kwao ndio kitoweo. Hekima ya mpango ule, hata hivyo, yafaa kwa mbuzi na kuku pia. Ushirika huo haukudumu. Madeni na hali mbaya ya hewa viliushinda katikati ya miaka ya 1970.

Mwaka 1968, kwenye mkutano mkuu wa Chicago, aliingia akiwa mjumbe kamili wa Mississippi, na watu wote wakasimama kumshangilia. Mwaka 1971 aligombea kiti katika seneti ya jimbo, akashindwa tena. Hakupata kushika cheo cha serikali maishani mwake. Alifariki akiwa na umri wa miaka 59, katika hospitali ya Mound Bayou, akisumbuliwa na saratani na shinikizo la damu, na mkononi hakuwa na mali ya kutajika. Andrew Young, wakati huo balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, ndiye aliyetoa hotuba ya mazishi mjini Ruleville. Januari 2025, karibu miaka 48 baada ya kifo chake, taifa lake lilimtunuku nishani ya juu kabisa ambayo Rais wa Marekani huwapa raia.

Wala vita hivyo havikumalizika. Mwaka 2013 mahakama kuu ya Marekani iliivunja nguzo moja kubwa ya sheria ile ya 1965, nayo ni utaratibu uliolazimisha majimbo yenye historia ya ubaguzi kuomba ruhusa kabla ya kubadili sheria zao za uchaguzi. Tangu hapo majimbo kadhaa yameongeza masharti mapya.

Narudi kwa vijana wetu wa barazani. Kufuli za Mississippi hazikuwa ngeni kwetu. Katika uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika hapa Kenya, mwaka 1957, mkoloni aliamua nani apige kura kwa kutazama elimu yake, kipato chake na mali yake, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu ilhali jirani yake hana hata moja. Leo masharti hayo hayapo. Lakini mtu haandikishwi kuwa mpiga kura bila kitambulisho au pasipoti, na wako Waswahili, Waarabu, Wanubi na wengineo waliosumbuliwa miaka mingi kwa kutakiwa karatasi za baba na za babu, wakati mwenzao wa upande mwingine wa nchi aliulizwa jina tu. Ninapowasikia watu hao wakikata tamaa, nakumbuka siku 30 za Bibi Hamer. Hakwenda kwa karani kwa kuwa alimwamini. Alikwenda kwa sababu alijua kwamba kila anaporudi nyumbani akanyamaza, karani amepumzika.

Basi, msomaji wangu, kama una mtoto aliyetimiza miaka 18, mfuatilie apate kitambulisho chake, hata kama ni mara ya tano anarudishwa. Akikipata, mpeleke aandikishwe mapema, asingoje wiki ya mwisho. Nawe mwenyewe kalitazame jina lako daftarini kabla ya siku ya uchaguzi, uone limeandikwa sawasawa na kituo ni kile kile. Na siku ukisimama penye pazia na karatasi yako, akuulizaye baadaye umempa nani, awe chifu, tajiri, mume au rafiki, huna wajibu wa kumjibu.